Waini ya jagi kwanza, menyu baadaye

Watu wengi wakifika mji mgeni wanatafuta pa kula kwa kuangalia chakula, wanasoma menyu pale mlangoni, wanatazama picha, wanahesabu nyota kwenye simu, afu wanaingia. Mi siku hizi naanza na waini, tena ile ya bei ya chini kuliko zote, inayoletwa kwenye jagi na haina hata lebo. Chupa ya jina kubwa yeyote mwenye hela anaweza kuinunua, hoteli ya uwanja wa ndege inayo, meli ya watalii inayo. Ile ya jagi mwenye mgahawa kaitafuta mwenyewe kwa mkulima anayemjua, na mara nyingi ndo hiyohiyo anayokunywa yeye na wapishi wake wakishafunga mlango. Kama wateja wake ni walewale kila wiki hawezi kuwawekea siki, watamsema mtaa mzima.

Kwahiyo swali langu la kwanza kwa weita, hata kabla sijashika menyu, ni moja tu: hii ya jagi inatoka wapi? Akijibu kwa jina la kilima, au kijiji, au akasema ni ya shemeji yake bosi, nakaa. Akiinua mabega akasema kuna nyekundu na kuna nyeupe, bado naweza kula hapo kama njaa imenibana, ila najua nimeingia sehemu ambayo kila kitu kinashushwa na lori moja, waini, mkate, mpaka ile supu.

Uzuri wa waini ya jagi ni kwamba hata namna ya kuiagiza ni ya kwao. Italia unaomba robo, nusu au lita na hakuna atakayekushangaa ukiomba robo peke yako saa sita mchana. Ugiriki kwenye taverna za zamani inaagizwa kwa kilo, yaani unasema nusu kilo kama vile unanunua nyama, na inakuja kwenye kijagi cha bati chenye rangi ya shaba kilichobondekabondeka. Venice wao hata kukaa hawakai, wanaingia kwenye vibaa vidogo vinaitwa bacaro, wanachukua kiglasi kidogo wanachokiita ombra, na pembeni vitafunwa vya kushika kwa mkono vinaitwa cicchetti, vipande vya mkate vyenye samaki wa chumvi aliyepondwa, nusu ya yai na dagaa juu yake, wanakunywa wamesimama dakika kumi, wanahamia baa inayofuata.

Lyon kule Ufaransa wana chupa yao kabisa, inaitwa pot, inaingia sentilita 46, kitako chake ni kioo kinene sana mpaka ukiishika mara ya kwanza unadhani bado ina kitu ndani. Utaikuta kwenye bouchon, ile migahawa midogo ya meza zilizobanana na vitambaa vya mirabamiraba, wanaopika utumbo na soseji za andouillette na quenelle, yale madonge laini ya samaki, na vitu vingine ambavyo mtu mwenye roho nyepesi asiulize sana. Waini yenyewe itakuwa Beaujolais au Côtes du Rhône, na ukiangalia ramani unaelewa mara moja, Beaujolais iko kaskazini ya mji, mashamba ya Rhône yanaanzia kusini, mji wenyewe umekaa katikati, sasa wahangaike na ya mbali ya nini? Hicho ndo kitu nakitafuta, menyu ambayo ukiiweka juu ya ramani inaingia.

Lakini sehemu iliyonifundisha zaidi habari hizi ni Vienna. Ni mji mkuu wa Austria ila una mashamba ya mizabibu ndani ya mipaka yake, mamia ya hekta, unapanda tramu katikati ya mji na nusu saa baadaye unashuka mbele ya kilima cha zabibu. Mwaka 1784 Kaisari Joseph II alitoa amri kwamba mkulima anaweza kuuza nyumbani kwake waini na chakula alichozalisha mwenyewe, na kutokana na amri ile zikakua hizi sehemu zinaitwa Heuriger. Mkulima akiwa amefungua anatundika fungu la matawi ya msonobari juu ya geti, na akifunga anayatoa. Ukiona matawi, ingia. Usipoyaona geti litakuwa limefungwa hata kama simu yako inakwambia wako wazi mpaka usiku, manake wengi wanafungua kwa wiki chache afu wanarudi shambani.

Ndani ni uani tu, mabenchi ya mbao, mti mmoja mkubwa unatoa kivuli. Chakula unakifuata mwenyewe kaunta, nyama ya nguruwe ya kuokwa wanakukatia na kupima kwenye mizani, mkate mweusi, jibini laini iliyochanganywa na pilipili ya paprika, matango ya siki. Waini inaletwa kwenye glasi nene ya robo lita yenye mkono, ukiishika unajua kabisa hawa watu hawakuja hapa kunusanusa. Wengi wanaichanganya nusu kwa nusu na maji ya soda na hakuna anayewakunjia uso, mi mwenyewe mchana wa jua kali naiagiza hivyohivyo.

Kinachotoka kwenye ile glasi mara nyingi kinaitwa Gemischter Satz, na hiki ni kitu cha kukitolea macho. Ni shamba moja limepandwa aina tofauti za zabibu zimechanganyika, sheria inataka zisizopungua tatu, zinavunwa pamoja, zinakamuliwa pamoja, zinachachuka pamoja. Wakulima wa zamani walifanya hivyo kama bima, kwa sababu kila aina inachanua na kuiva kwa wakati wake, kwahiyo baridi ikipiga wiki mbaya inaua hii na kuiacha ile. Leo wangeweza kutenganisha kila kitu, wataalamu wanao na mitambo wanayo, ila wameamua kubaki nayo, na kusema ukweli ukinywa unasikia mambo mengi kwa wakati mmoja, kuna uchachu, kuna harufu ya maua, kuna ukali kidogo kama pilipili manga mwishoni. Waini mpya ya mwaka nayo inaitwa Heuriger, kama zile sehemu zenyewe, mpaka tarehe 11 Novemba ya mwaka unaofuata mavuno, siku ya Mtakatifu Martin, kuanzia hapo inahesabiwa ni ya zamani.

Sasa hata huko ndani ya Vienna kuna sehemu na sehemu. Tramu namba 38 inakupeleka Grinzing, pazuri, ila mabasi ya watalii nayo yanapajua, utakuta wapiga fidla wanazunguka meza kwa meza na bili inapanda kwa kila wimbo. Tramu 31 inakwenda mpaka Stammersdorf ng'ambo ya mto Danube, mwisho wa reli, huko nimekaa jioni nzima karibu na wazee wanaocheza karata na mama mmoja aliyekuja na keki yake mwenyewe kwenye kontena la plastiki akala pale bila mtu kumuuliza. Mahali ambapo mteja anajisikia huru kuja na keki yake mi napaamini hata kabla sijaonja kitu.

Amri ya yule Kaisari haikuishia Vienna kwa sababu dola yake ilikuwa kubwa. Ukienda juu ya Trieste, kwenye miamba ya Karst, mpakani mwa Italia na Slovenia, utakuta jambo lilelile linaitwa osmiza. Hapo matawi yanatundikwa njia panda na mshale mwekundu wa mbao chini yake, unaufuata, unafika kwenye matawi mengine na mshale mwingine, mpaka unaingia uani kwa mtu. Wanauza walichonacho na basi, mayai ya kuchemsha, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, jibini, na waini yao, nyekundu inaitwa Terrano, kali kwa uchachu mpaka meno yanasema asante, na nyeupe ya Vitovska. Ukila ile nyama yenye mafuta ndo unaelewa kwanini Terrano ikawa kali vile. Ukiinywa peke yake chumbani kwako utadhani imeharibika. Hilo nimeliona sehemu nyingi, waini ya kienyeji nusu yake iko kwenye sahani, na mtu anayeionja bila chakula anasema mbaya wakati hajamaliza kuionja.

Hapa niingie kwenye ule ubishi wa kila msafiri, eti mbona ile waini ilikuwa tamu kule afu nimeileta nyumbani imekuwa ya kawaida. Watu watakwambia ni kwa sababu ya kuuza nje wanaongeza dawa, sulfite, na ile ya wenyeji haina. Siyo kweli. Waini karibu zote zina sulfite kidogo, hata chachu yenyewe inaitengeneza kiasi wakati wa kuchachuka, na Umoja wa Ulaya tangu 2005 unalazimisha kuandika kwenye lebo zikizidi miligramu 10 kwa lita, iwe chupa inauzwa kijijini au inapanda meli. Unachosahau ni kwamba kule ulikuwa likizo, una njaa ya kutembea kutwa, umekaa nje, na mbele yako kuna chakula ambacho hiyo waini imekulia nacho.

Ila zipo kweli zisizosafiri. Vienna kwenye Septemba na Oktoba wanauza kitu kinaitwa Sturm, ni juisi ya zabibu ambayo bado iko katikati ya kuchachuka, ina ukungu kama maji ya tope, tamu, inawasha ulimi, na chupa yake haiwezi kufungwa kabisa manake gesi ingeipasua, wanaweka kifuniko chenye upenyo. Jaribu kuiweka hiyo kwenye sanduku lako uone nguo zako zitafikaje. Na zipo nyingine ambazo ni chache tu hazitoshi kutoka. Colares, karibu na Lisbon, ni eneo lililowekewa mipaka rasmi tangu 1908, mizabibu imepandwa kwenye mchanga wa pwani, na mchanga huohuo ndo uliiokoa wakati kile kidudu cha phylloxera kinamaliza mashamba ya Ulaya kuanzia miaka ya 1860, kwa sababu hakiwezi kuchimba kwenye mchanga. Karibu Ulaya yote ikabidi ipandikize mizabibu yake juu ya mizizi ya Kimarekani, Colares imebaki na mizizi yake. Mashamba yaliyobaki ni machache, nyumba za likizo zimeyala, sasa hiyo utaikuta wapi kama siyo palepale?

Jerez, kusini mwa Hispania, kuna sababu nyingine. Fino, waini nyeupe kavu ya kule, inazeeka ndani ya pipa ambalo halijajazwa mpaka juu, na kwenye uso wa waini inaota tabaka la chachu jeupe linaitwa flor, linaifunika isipigwe na hewa na ndo linaipa ile ladha ya ukavu wa lozi na unga wa mkate mbichi. Ukishaitoa chini ya ile blanketi yake saa imeanza kuhesabu, chupa iliyofunguliwa wiki iliyopita na kusahauliwa kwenye rafu inakuwa imechoka kabisa, na bahati mbaya hiyo ndo Fino ambayo watu wengi duniani wameionja, wakasema hawaipendi. Kule kuna baa za kizamani zinaitwa tabanco, mapipa yamepangwa ukutani nyuma ya kaunta, jamaa anafungua bomba la pipa anakujazia glasi ndogo, afu anachukua chaki anaandika deni lako pale kwenye mbao ya kaunta mbele yako, namba moja chini ya nyingine, na ukimaliza anajumlisha kwa kichwa, anapokea hela, anapitisha kitambaa kibichi, deni limeondoka. Sehemu kama hiyo glasi zinatoka usiku kucha, hakuna kinachokaa kikachoka. Ndo maana kwa waini za aina hii foleni ni dalili nzuri, kuliko hata usafi wa meza.

Basi tuje kwenye kuzipata hizi sehemu. Kanuni za picha za chakula mlangoni, menyu ya lugha sita na jamaa anayekuvuta mkono kila mtu anazijua, sizirudii. Mi naangalia saa. Hispania mgahawa uliojaa saa moja jioni umejaa wageni, wenyewe chakula cha mchana wanaanza saa nane, cha usiku saa tatu na kuendelea. Kwahiyo ukiwa na njaa saa kumi na mbili usilazimishe, kula kitafunwa baa, subiri. Na mchana waulize menú del día, ilianzishwa na serikali miaka ya 1960 wakiwa wanajenga utalii, ila watalii wameiacha na wafanyakazi wameichukua, unapata sahani ya kwanza, ya pili, mkate, kitu kitamu na kinywaji, na kinywaji mara nyingi ni hiyo waini yetu ya jagi. Ukiona mafundi ujenzi wenye buti za vumbi wameingia, ingia nyuma yao. Watu wa kazi nzito wana saa moja tu ya kula na hawawezi kuipoteza kwa chakula kibaya.

Afu angalia siku. Roma wana utaratibu wa zamani, Alhamisi ni gnocchi, yale madonge madogo ya viazi, Ijumaa samaki, Jumamosi utumbo, na trattoria, yaani mgahawa wa kienyeji, inayoufuata bado inapika kwa ajili ya mtaa, kwa sababu mtalii hajui leo ni Alhamisi ya nini. Nilishawahi kuomba utumbo siku ya Jumatano kwenye mgahawa mmoja huko, mama aliyekuwa anahudumia akaniangalia kama nimemuomba mti wa Krismasi mwezi wa sita, akasema rudi Jumamosi. Nikarudi. Ulikuwa na nyanya, mnanaa na jibini ya pecorino ya kutosha kufunika kosa lolote, ila hapakuwa na kosa, na waini nyeupe ya milima ya Castelli nje kidogo ya mji, nyepesi, ya kunywa bila kufikiria.

Ufaransa kuna alama moja ya kuisaka kwenye menyu, kisufuria chenye paa la nyumba badala ya kifuniko, maana yake chakula kimepikwa hapohapo kutokana na malighafi. Ilianza 2014. Usiiamini kupita kiasi lakini, kwa sababu sheria inaruhusu malighafi hiyo iwe imegandishwa, samaki wa friza akikaangwa pale bado anapata kile kisufuria. Kwangu menyu ya ubao ulioandikwa kwa mkono na vitu vitano vimefutwa kwa sababu vimeisha inanieleza zaidi ya alama yoyote.

Na zile apu za nyota? Nazitumia, ila nasoma kinyume. Kwanza wanaoandika wengi ni wageni kama mimi, wenyeji hawana muda wa kuipa nyota sehemu wanayokula kila Jumanne. Kwahiyo nachuja maoni ya lugha ya palepale, nayatafsiri na simu, afu naenda kwenye zile za nyota moja nione wanalalamikia nini. Wakilalamika tumbo liliuma, naachana nao. Wakilalamika hamna menyu ya Kiingereza, weita hakutabasamu, hawakubali kubadilisha sahani, walitufukuza saa tisa wakafunga, kulikuwa na kelele za familia, eh, hao wamenitangazia biashara bila kujua.

Kuuliza watu nako kuna namna. Ukimuuliza mtu wa mapokezi hotelini "mgahawa gani mzuri hapa" anakupa jibu la wageni, manake ndo kazi yake. Muulize "wewe jana ulikula wapi?" anasimama kidogo anafikiri, na hapo ndo unapata kitu. Au nenda sokoni asubuhi, nunua kitu kidogo kwanza, usiende mikono mitupu, muulize anayeuza mboga anawauzia akina nani. Muuza samaki ni bora zaidi, anajua nani ananunua fresh na nani anapita tu.

Hela sasa, kwa sababu kuna watu wanadhani wameibiwa kumbe ni utaratibu. Ureno utakaa tu, wanaleta mkate, zeituni, jibini kidogo, hujaagiza. Siyo zawadi, ukila unalipia, usipogusa hulipi, na unaweza kusema viondoe bila kumkosea mtu. Italia coperto kwenye bili ni ya kukaa mezani na mkate, imeandikwa kwenye menyu kwa maandishi madogo, usipigane nayo.

Nikubali pia kwamba waini ya jagi inaweza kuwa mbaya. Ikinuka siki, au tufaha lililokatwa likaachwa mpaka likawa kahawia, hiyo imeingiliwa na hewa, irudishe bila aibu, weita wa kweli ataionja mwenyewe. Na kuna sehemu nzuri ambazo kinywaji cha mezani siyo waini, hapo kipimo changu hakifanyi kazi na natafuta kinachokunywewa pale. Nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania, pembeni ya San Sebastián, kuanzia Januari mpaka majira ya kuchipua ni msimu wa nyumba za saida, ile pombe ya matufaha, zinaitwa sagardotegi. Chakula hakichaguliwi, ni kilekile kwa wote, kimanda cha samaki wa chewa, chewa na pilipili hoho, pande la nyama ya ng'ombe lililochomwa nje jeusi ndani jekundu, jibini na karanga za walnut. Katikati ya kula mtu anapiga kelele "txotx!", mnaacha uma mnainuka wote na glasi mkononi, mnapanga mstari mbele ya pipa kubwa kuliko gari, anafungua kitundu na saida inaruka kama uzi mrefu, unaikinga glasi yako chini kabisa ili igonge ukingo na kutoa povu, unachukua vidole viwili tu vya kinywaji, unatoka, anayekufuata anaingia kwenye uzi huohuo bila kuuacha umwagike. Mgeni anajulikana kwa viatu vilivyolowa. Ukirudi mezani nyama imepoa kidogo na hakuna anayejali.

Ukitaka kwenda kwa wakulima wenyewe, piga simu siku moja kabla, na usiende wiki ya mavuno ukitegemea mtu akupe hotuba, wana mikono imejaa. Usiendeshe gari. Ufaransa na Italia kiwango ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, Hungary na Cheki ni sifuri kabisa, na kuonja sehemu tatu bila kutema kunakupitisha hapo kirahisi sana. Ndoo ya kutemea iko pale kwa kazi hiyo, kutema siyo kuwadharau. Na ukinunua chupa Ufaransa angalia kama imeandikwa imejazwa kwenye shamba lenyewe, "mis en bouteille au domaine", manake jina zuri la kijiji peke yake linaweza kuwa ofisi ya mfanyabiashara tu.

Kwa sasa hivi macho yangu yako nchi ya Georgia, siyo lile jimbo la Marekani. Kule mabaki ya vyungu yameonyesha watu walikuwa wanatengeneza waini miaka kama 8,000 iliyopita, na mpaka leo wanaichachusha kwenye mitungi mikubwa ya udongo inaitwa qvevri, imezikwa ardhini mpaka shingoni, UNESCO waliiandikisha namna hiyo ya kutengeneza mwaka 2013. Zabibu nyeupe wanaziacha na maganda yake miezi kadhaa ndo maana inatoka rangi ya kahawia ya asali. Mavuno huko mkoa wa Kakheti wanaita rtveli, Septemba kuelekea Oktoba, na familia nyingi zina mitungi yao nyumbani kwahiyo nasikia kipimo changu cha jagi hakina hata maana, jagi ndo kila kitu. Nataka niende kwa basi dogo kutoka mji mkuu Tbilisi nilale kwa watu, siyo hotelini. Kama kuna mtu humu ameshakaa kwenye meza zao, ile supra yenye tamada anayeongoza kunyanyua glasi, naomba uniambie kitu kimoja tu, mtu anafikaje glasi ya mwisho akiwa bado anajua jina lake?